Boksi Lenye Tundu

Shangazi, shikamoo.

Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita, mimi na mume wangu na watoto wawili. Nakuandikia juu ya dola 40. Najua wenzangu wanakuletea ndoa zinazovunjika na mashamba yanayogombaniwa, nami naona haya kidogo, lakini hizi dola 40 zimetufanya tununiane wiki nzima ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane binti yetu alihitaji skrini kubwa ya kompyuta kwa ajili ya masomo. Dukani tukaona moja, kibandiko kimeandikwa dola 189 kwa tarakimu nyekundu zinazoonekana kutoka mlangoni. Chini yake, kwa herufi ambazo hata mimi mwenye macho mazima nilibidi nisogee kuzisoma, kulikuwa na maneno: baada ya ribeti ya dola 40, yaani pesa unayolipa kwanza kisha unaidai urudishiwe. Tulipofika kwa keshia tukalipa 229, na kodi juu yake. Keshia akatupa risiti mbili, moja ya kawaida na nyingine ndefu kama mkanda, yenye maelezo ya namna ya kudai. Jaza fomu, ambatanisha risiti, kata msimbopau halisi kutoka kwenye boksi (ile mistari myeusi), tia vyote katika bahasha, posti ndani ya siku 30. Baada ya wiki nane hadi kumi utaletewa dola zako 40.

Baba watoto ni mtu wa utaratibu. Usiku uleule alikaa mezani na boksi mapajani. Mkasi ukashindwa, maana boksi lilikuwa gumu, akachukua kisu cha jikoni. Asubuhi akaposti.

Siku ya tisa skrini ikatoa mstari wa kijani kutoka juu mpaka chini. Nikaibeba na boksi lake, risiti mkononi, hadi dukani, kwa kuwa wanaruhusu kurudisha ndani ya siku 15. Yule dada wa dawati la kurudishia bidhaa akaligeuza boksi, akaingiza kidole kwenye tundu, akanitazama kama aliyemfuma mwizi. "Mmeshadai ribeti," akasema. "Boksi likiwa limekatwa hatupokei." Nikarudi nayo.

Nilimlaumu mume wangu: haraka ya nini? Akanikumbusha matairi ya mwaka jana. Kweli, tulinunua matairi manne, tukaahidiwa kadi ya dola 70, na mimi ndiye niliyeitia ile fomu kwenye droo ya jikoni. Niliikuta miezi minne baadaye, chini ya betri na menyu za chakula cha kuagiza. Kwa hiyo sina mdomo mkubwa hapo.

Sasa wiki iliyopita ikaja kadi kwa posta: dai lenu halikukubaliwa, msimbopau halisi haukuambatanishwa. Haukuambatanishwa! Na tundu liko hapa, naliona, boksi limekaa gerejini linanitazama kila nikienda kuwasha gari. Mume wangu anaapa alikata ule wa ubavuni, mkubwa kuliko wote, wenye namba ndefu iliyochanganyika na herufi.

Swali langu, Shangazi, ni hili. Kama kampuni imekubali niwe na skrini ile kwa dola 189, kwa nini isinitoze 189? Kwa nini nitoe 229, niharibu boksi, ninunue stempu, nikae wiki kumi nikisubiri changu? Nani anafaidika na mzunguko wote huu? Mume wangu anasema ni wizi wenye leseni. Kaka yangu, aliyesoma biashara, anasema ni mbinu halali ya soko na kwamba sisi ndio wazembe.

Halafu kuna printa. Tulinunua tarehe 2 mwezi huu wa kumi, nayo ina ribeti ya dola 25, mwisho wa kuposti ni tarehe 31. Leo ni tarehe 24. Boksi lake halijafunguliwa, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuligusa.

Mke wa Mwenye Kisu,
Columbus

*

Marahaba, mwanangu.

Usione haya hata kidogo. Mashamba yanayogombaniwa nayo huanza na kitu kama hiki, mmoja amekata na mwingine ameweka kwenye droo.

Nianze na gereji, kwa sababu nadhani dola zako 40 bado ziko mle. Umesema mumeo alikata mstari mkubwa wa ubavuni wenye namba iliyochanganyika na herufi. Huo siyo wanaoutaka. Maboksi ya vifaa vya umeme huwa na mistari myeusi mitatu au minne. Mmoja ni wa namba ya kipekee ya kile kifaa chenyewe, yaani hiyo skrini yako na si nyingine yoyote duniani, na ndio huwa na herufi. Mwingine ni wa kiwanda na wasafirishaji. Ule wa dukani, unaopigwa na keshia ikalia "pip", una tarakimu 12 tupu, hauna hata herufi moja. Tarakimu ya kwanza na ya mwisho huwa zimekaa pembeni kidogo, nje ya mistari. Huo ndio wanaouita msimbopau halisi. Ligeuze boksi, utazame chini na nyuma. Kama upo, na sioni kwa nini usiwepo, basi mumeo alitoboa boksi pasipo sababu na yule dada wa dawati alikataa kulipokea kwa sababu ya tundu lisilo lenyewe. Nyote mlionewa na kibandiko.

Ukiupata, ukate, uupige picha, halafu piga simu kwenye namba iliyo kwenye ile kadi ya kukataliwa. Mara nyingi huwa wanakubali uwatumie kilichopungua, ila watakupa siku chache tu, kwa hiyo usilale nalo. Watajie namba ya dai iliyo kwenye kadi, uandike jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Skrini yenyewe ni kesi nyingine. Duka limekataa, lakini aliyeitengeneza bado yupo, na dhamana ya kiwanda haiulizi habari za boksi. Kwa kawaida inataka risiti na ile namba ya kipekee, ambayo imebandikwa pia mgongoni mwa skrini. Mstari wa kijani siku ya tisa si uchakavu. Wadai wenyewe.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo ni zuri kuliko ulivyodhani.

Chukua karatasi. Tuseme watu 100 wamenunua skrini kama yako, na hizi namba nazitunga tu tuone hesabu inavyokwenda. Kampuni ikipunguza dola 40 palepale kwa keshia, imeachia dola 40 mara 100, yaani dola 4,000. Ikiahidi dola 40 kwa posta, wote 100 wanalipa 229. Kisha wengine wanasahau. Wengine wanapoteza risiti. Wengine wanakata mstari usio wenyewe kwa kisu cha jikoni. Wengine wanaletewa hundi, wanaidhani ni barua ya matangazo, wanaitupa. Tuseme wanaofika mwisho wa safari ni 40. Kampuni imelipa dola 1,600. Kwa kila skrini iliyouza, ile dola 40 ya kibandiko imeigharimu dola 16. Lakini kibandiko kilivuta watu 100 dukani kwa nguvu ya dola 40, na wewe ulikuwa mmoja wao.

Umeona? Hawakuuzii punguzo. Wanakuuzia nafasi ya kupata punguzo, na wanajua kwa uzoefu ni wangapi hawataitumia. Pesa isiyodaiwa huwa imeshatiwa kwenye mahesabu kabla skrini haijafika dukani. Na hata wanaolipwa, pesa yao imekaa kwa mwingine wiki kumi. Ahadi ni deni, tunasema, lakini deni hili ni la kichekesho: mdai ndiye anayepewa fomu ya kujaza, na asipoijaza vizuri, deni limekufa.

Utasema, basi mimi si mjinga, mbona naingia? Unaingia kwa sababu pale dukani unamwona mtu mwingine kabisa. Unamwona yule wewe wa kesho jioni, ametulia mezani, ana stempu, ana bahasha, watoto wamelala. Huyo mtu hayupo. Kesho jioni kuna homa, kuna zamu ya pili, kuna simu kutoka nyumbani. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Canada, Buehler, Griffin na Ross, walichapisha utafiti wa wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao. Waliulizwa: utamaliza lini? Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Walitumia zaidi ya 55. Na hao ni watu waliokuwa na sababu ya kumaliza kubwa kuliko dola 40.

Kingine kitakachokushangaza ni kwamba kukupa muda mrefu hakukusaidii. Unaposoma "una siku 60 za kutuma" unaona wema, kumbe muda mrefu ndio droo yenyewe. Suzanne Shu na Uri Gneezy waligawa vocha za kula mgahawani, zingine za wiki tatu, zingine za miezi miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Waliopewa miezi miwili walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakwenda, na ndio waliokwenda wachache zaidi. Kwa hiyo fomu yako ya matairi haikupotea kwa uzembe wako peke yako. Ilipotea kama zinavyopotea nyingi. Hilo mwambie kaka yako msomi.

Na wakati mwingine kampuni nayo huipiga hesabu hii vibaya, na hapo ndipo unaona jinsi inavyotegemea tusahau. Mwaka 1992 tawi la Uingereza la Hoover, wale wa mashine za kufyonzea vumbi, lilitangaza kwamba anayenunua bidhaa ya pauni 100 atapata tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi Marekani. Mashine ya pauni 100, tiketi za thamani ya mara kadhaa yake! Mpango ulitegemea watu wachoke na fomu, barua na masharti ya tarehe. Watu hawakuchoka. Wapo walionunua mashine wasiyoihitaji wala kuitaka. Kampuni ikalemewa, ikafika mahakamani, na hasara ikakaribia pauni milioni 50. Mwaka 1995 biashara ile ya Ulaya ikauzwa kwa Candy ya Italia. Walichoahidi kilikuwa kitamu mno, watu wakaamua kutosahau. Tangu hapo wenye akili huahidi kiasi cha kukuvuta dukani, lakini kisichotosha kukutoa usingizini. Dola 40 ziko hapohapo.

Mpaka hapa nimekuwa upande wa mumeo. Sasa nimpe na kaka yako haki yake, maana kusahau siyo sababu pekee, na kuna wanaoeleza ribeti kana kwamba ni hila tupu. Si kweli.

Aliyetengeneza skrini si aliyekuuzia. Yeye ameiuza kwa duka, na bei ya kwenye rafu ni ya mwenye duka. Akisema "nampunguzia mwenye duka dola 40 ili naye awapunguzie wateja", mwenye duka anaweza kupunguza 25 na kubaki na 15, wala hakuna atakayejua. Ribeti inaruka juu ya kichwa cha mwenye duka na kukufuata wewe nyumbani. Kwa mtengenezaji, bahasha yako yenye risiti na mistari ni ushahidi kwamba skrini imeuzwa kweli, kwa mtu kweli, tarehe fulani, wala haijakaa stoo. Na anapata jina lako na anwani yako, ambavyo duka halimpi. Tazama fomu ile tena: inakuuliza barua pepe, wakati mwingine na mahali ulikonunua na kwa nini. Hiyo nayo ni malipo, ila hayaandikwi kwenye risiti.

Halafu kuna suala la kuchuja watu. Kuna anayeingia dukani na 229 haimsumbui. Kuna ambaye asipopata kwa 189 haondoki nayo. Muuzaji angependa kumtoza kila mmoja kwa uwezo wake, lakini hawezi kusimama mlangoni akiwauliza watu mishahara yao. Basi anaweka kazi. Fomu, mkasi, stempu, safari ya posta. Ambaye dola 40 kwake ni kitu atahangaika. Ambaye kwake si kitu ataacha. Watu wawili wametoka na skrini moja kwa bei mbili, na kila mmoja amejipanga mwenyewe kwenye foleni yake. Wachumi wanaipenda sana hesabu hii. Mimi ina kasoro moja machoni pangu: inadhani mwenye shida ndiye mwenye muda. Mama wa zamu mbili, anayezihitaji dola 40 kuliko wote, ndiye ambaye fomu yake inaozea kwenye droo, na mstaafu mwenye nyumba yake iliyokwisha kulipiwa ndiye mwenye faili la ribeti lenye vibandiko vya rangi.

Tena kuna heshima ya bei. Ukishusha bei, umeshusha na macho ya watu. Wakizoea 189, siku ukirudisha 229 watasema umepandisha. Ribeti ikiisha, inaisha kimya, kibandiko kinarudi kama kilivyokuwa, hakuna anayelalamika. Na kuna waliokwisha nunua kabla. Mnamo Septemba 2007 Apple ilishusha simu yake ya iPhone kutoka dola 599 hadi 399, miezi miwili hivi baada ya kuanza kuiuza. Waliosimama foleni siku ya kwanza walikasirika kiasi kwamba Steve Jobs aliwaomba radhi hadharani, wakapewa dola 100 za kutumia dukani kwake. Mwenye kutoa ribeti haingii katika fedheha hiyo, kwa sababu bei rasmi haikuguswa.

Wenye magari walilijua hili zamani. Januari 1975, uchumi wa Marekani ukiwa umedorora na magari yamejaa viwanjani, Chrysler ilianza kuwapa wanunuzi hundi za kati ya dola 200 na 400, ukinunua gari unarudishiwa, na punde wenzake wakafuata. Wangeweza kushusha bei ya gari. Waliona afadhali waiache bei imesimama na wagawe hundi kando.

Sasa tundu. Yule dada hakuwa mkorofi, ingawa angeweza kukitoa kile kidole taratibu. Wanakutaka ukate boksi kwa sababu mstari mmoja hudai mara moja tu. Wangekubali picha au fotokopi, mtu angedai, kisha angerudisha skrini dukani akachukua na 229 zake. Boksi lililokatwa ni kufuli. Lakini kufuli hilo linakubana wewe zaidi ya linavyowabana wao: siku ulizopewa kudai ribeti na siku ulizopewa kurudisha bidhaa zinakwenda pamoja, na ukitumia haki moja umeiua nyingine. Hapo ndipo mimi huona mchezo si safi, hata kama kila kilichoandikwa ni halali. Na kodi je? Tazama risiti. Mlitozwa kodi ya mauzo kwenye 229, siyo 189. Punguzo la palepale dukani kwa kawaida lingepunguza na kodi. Ribeti ya mtengenezaji inayokuja kwa posta, huko Ohio na katika majimbo mengi, haiigusi. Kwa hiyo hata mngefanikiwa kwa asilimia mia, skrini ile haikuwa ya 189 kamwe.

Ni wizi? Hapana, mradi wanalipa walichoahidi kwa anayetimiza masharti. Wasipolipa, ndiyo, au karibu na hapo, na wapo waliochukuliwa hatua. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) iliishtaki CompUSA, duka kubwa la kompyuta enzi hizo, kwamba iliendelea kutangaza ribeti za kampuni moja iitwayo QPS huku ikijua wateja wanacheleweshwa au hawalipwi kabisa. CompUSA ilikubali kuwalipa. Kabla yake kulikuwa na CyberRebate, iliyouza vitu mtandaoni kwa bei iliyopandishwa mno na kuahidi kurudisha yote, senti hadi senti. Ilifilisika mwaka 2001 na wateja wakabaki na fomu zao. Majimbo mengine yametazama kibandiko chenyewe: Connecticut na Rhode Island haziruhusu duka litangaze bei ya baada ya ribeti kama ndiyo bei, isipokuwa likupe hilo punguzo palepale unapolipa. Mngekuwa mnaishi huko, zile tarakimu nyekundu za 189 zisingekuwa pale.

Wateja nao walichoka. Aprili 2005 Best Buy, maduka makubwa ya vifaa vya umeme, ilitangaza kwamba ndani ya miaka miwili itaachana na ribeti za posta, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka uliofuata OfficeMax, maduka ya vifaa vya ofisi, ikafuata. Ndiyo maana siku hizi hukutani nazo kila rafu kama zamani, enzi ambapo bahasha nyingi mno zilikwenda kwenye kamji kamoja ka Minnesota kaitwako Young America hata kakapewa namba yake ya posta, 55555. Zimebaki kwenye matairi, lenzi za macho, vifaa vya kompyuta na vya ujenzi. Nyingi zimehamia kwenye simu, unapiga picha risiti na kutuma. Malipo nayo yamebadilika. Badala ya hundi wanakuletea kadi yenye pesa ndani, na kadi ina siku ya kufa. Halafu inabaki na dola moja na senti kidogo ambazo hakuna duka utakalozimalizia vizuri. Fikiria hizo dola moja moja za watu wote zimelala wapi. Ukiletewa kadi, ilipie bili ya umeme au uitie kwenye salio la duka unalonunua kila wiki, siku hiyohiyo, yote.

Kuhusu kuchelewa: zikipita wiki kumi na hakuna hundi wala kadi, usikae kimya. Piga simu, na ukipigwa chenga, peleka malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio na kwa ile Tume niliyoitaja. Ni bure, na hujazwa mtandaoni. Watu huona aibu kushtaki kwa dola 40. Wao wanaitegemea aibu hiyo kama wanavyotegemea usahaulifu.

Na ndani ya nyumba, mwanangu, nitakwambia ninavyoona, ukasirike ukipenda. Mumeo alifanya haraka, wewe ulichelewa mwaka jana, na nyote wawili mlipoteza kwa mfumo uliotengenezwa uwapoteze watu wa haraka na watu wa polepole. Gawaneni. Yeye ana mkono wa kukata na kuposti, usimnyang'anye. Wewe una jicho la kusoma maandishi madogo, maana ndiwe uliyesogea kuyasoma pale dukani. Kabla kisu hakijatoka, wewe soma ni mstari upi. Na dukani msijadili kabisa hiyo namba nyekundu. Ulizaneni kama kitu kinawafaa kwa bei atakayowatoza keshia. Kama 229 haiwafai, hamna skrini pale.

Mwombe radhi kidogo kwa kumlaumu juu ya boksi. Yeye akuombe radhi juu ya matairi. Ila lile la matairi lisirudi mezani tena, limekwisha muda wake kama fomu yenyewe.

Sasa printa. Mna siku saba, na kinachohesabiwa mara nyingi ni muhuri wa posta, siyo siku wanayoipokea. Hakikisha kwenye fomu. Msikate chochote leo. Lifungueni boksi, itoeni printa, iwasheni. Chapeni kurasa za kutosha, za rangi na nyeusi, muitie karatasi na kuitoa, muache usiku mzima ikiwaka, mchape tena kesho na keshokutwa. Ikikwama, irudisheni dukani na boksi zima, kama siku za kurudisha hazijapita; zikiwa zimepita, mdaini mtengenezaji. Isipokwama, tarehe 27 usiku tafuteni ule mstari wa tarakimu 12, wewe uusome kwa sauti, yeye akate. Pigeni picha kila kipande, pamoja na fomu iliyojazwa na risiti, kabla ya kufunga bahasha. Asubuhi pelekeni dirishani posta, siyo kwenye sanduku la mtaani, mwombe risiti ya kuposti yenye tarehe.

Na kisu cha jikoni kirudi jikoni. Nunueni kile cha kukatia karatasi.